Saratani ya Utumbo na Ujumbe wa Tangu Tumboni mwa Mama

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona makala ya bayolojia katika jarida la Chama cha Kiswahili. Hata mwalimu mlezi wa chama, nilipompa karatasi hizi, aliniuliza kama sikukusudia kuzipeleka kwa watu wa chama cha sayansi. Nilimwambia la. Mambo haya niliyasoma kwa Kiingereza, lakini walioniuliza maswali waliniuliza kwa Kiswahili, na siku hiyo sikuwa na la kuwajibu.

Walioniuliza ni watu waliokuja kwenye matanga ya mjomba wangu huko Molo mwaka jana. Mjomba alikuwa mkulima wa viazi, mtu wa miraba minne, umri wake miaka 46. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikuwa akiona damu chooni. Kwa sababu ya aibu hakumwambia mtu yeyote ila muuza dawa wa dukani, akawa ananunua dawa ya kupaka ya bawasili. Alipokonda mpaka suruali zikawa hazimkai kiunoni, ndipo alipokubali kwenda kupimwa. Ikapatikana ni saratani ya utumbo mpana, nayo ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Aliishi miezi mitano tu baada ya hapo.

Pale matangani nilisikia mengi. Mzee mmoja alisema ni mambo ya mpaka wa shamba, ati mjomba alitupiwa kitu na jirani. Mama mwingine alinong'ona kwamba kikombe chake kitupwe kwa kuwa ugonjwa huo unaambukiza, na kweli kikombe kikatupwa. Lakini nyanya, mama yake mjomba, ndiye aliyeuliza swali zito. Aliniangalia mimi, kwa kuwa ndiye mtoto wa sekondari pale, akasema, "Wewe unayesoma, hebu niambie, hiki kitu kilimwingia kutoka wapi?"

Niliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu, na mwalimu wetu wa bayolojia amenisaidia kwa kuniazima vitabu vyake vya chuo kikuu. Jibu lenyewe lilinishangaza. Hakikumwingia kutoka popote. Kilichomuua mjomba ni kazi ya mwilini mwake mwenyewe, kazi ambayo mwili uliianza kabla hajazaliwa, na ambayo bila hiyo asingezaliwa kamwe.

Tuanze basi huko tumboni mwa mama. Sisi wa kidato cha tatu tumesoma juu ya uzazi na ukuaji: yai likikutana na mbegu ya kiume hutokea seli moja, hiyo moja hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, na kuendelea mpaka kikawa kiinitete. Vizuri. Lakini kuna swali ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Kama seli zote zimetoka kwa moja, na zote zina jeni zile zile, hii ilijuaje kwamba iwe jicho na ile iwe utumbo? Nani aliziambia kichwa kiwe huku na makalio yawe kule?

Kumbe huambiana zenyewe. Seli haina mdomo, lakini hutoa protini ambayo huifikia seli jirani. Seli jirani ina kipokezi kwenye ngozi yake ya nje. Protini ikinasa hapo, habari hupokezanwa ndani kwa ndani mpaka kwenye kiini, na huko jeni fulani huwashwa na nyingine huzimwa. Ujumbe unaweza kuwa "gawanyika", au "tulia", au "wewe sasa ni uti wa mgongo". La ajabu ni kwamba aina za ujumbe si nyingi. Ni chache tu, na mwili huzitumia tena na tena mahali mbalimbali, kama vile kengele moja ya shule inavyotuita kwenye gwaride asubuhi na pia kutuambia ni saa ya chakula.

Mmoja wa ujumbe huo ndio ninaotaka tuufuate. Wanasayansi huuita winti. Mwaka wa 1976 watafiti wawili wa India, Sharma na Chopra, waliandika juu ya nzi wa matunda waliokosa mabawa kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja. Baadaye huko Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichunguza maelfu ya viinitete vya nzi hao hao ili kujua ni jeni gani zinazoupanga mwili. Kazi hiyo waliichapisha mwaka wa 1980, na mwaka wa 1995 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis wa Marekani. (Watu hawa wa nzi wana utani sana katika kutoa majina. Kuna jeni waliyoiita kalunguyeye kwa sababu buu aliyeharibika alijaa vijiba kama miiba!)

Upande mwingine kabisa, mwaka wa 1982, Roel Nusse na Harold Varmus walikuwa wakichunguza uvimbe wa matiti ya panya. Wao hawakuwa na habari na mabawa ya nzi. Walipata jeni ambayo ikiwashwa pasipo wakati wake, panya hupata saratani. Mwaka wa 1987 ikagunduliwa kwamba jeni ile ya saratani ya panya na jeni ile ya bawa la nzi ni jeni moja! Jina la winti liliundwa kwa kuunganisha majina hayo mawili, la nzi na la panya. Niliposoma hapo ilibidi nirudie ukurasa mara mbili. Kitu kinachojenga bawa na kitu kinacholeta uvimbe ni kitu kile kile.

Mwaka wa 1989 Andrew McMahon na Randall Moon waliingiza ujumbe huu wa winti katika viinitete vya chura, mahali usipostahili kuwa. Mhimili wa mwili ukajigawa ukawa miwili. Katika majaribio ya namna hii hupatikana hata viluwiluwi wenye vichwa viwili. Na ujumbe ukikosekana nako ni hatari. Mwaka wa 2004 ilielezwa familia moja ambamo baadhi ya watoto waliumbika bila mikono wala miguu, kwa sababu jeni moja ya jamii ya winti ilikuwa imeharibika. Kwa hivyo tusidhani winti ni adui. Mikono hii ninayoandikia ilitokana nayo.

Sasa tuingie ndani ya seli tuone ujumbe unavyofanya kazi. Hapa wengi wa darasa letu walichoka niliposimulia kwa majina ya vitabuni, mpaka nikatumia mfano wa wachuuzi wa hapa Nakuru, wakanielewa mara moja.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo beta-katenini. Hebu ifikirie kuwa ni mchuuzi. Kila saa seli hutengeneza wachuuzi wapya, nao hutamani kuingia katikati ya mji, yaani kwenye kiini, wakatandaze bidhaa zao. Lakini kuna askari wa kanjo. Hawa ni kundi la protini kadhaa, na mmoja wao, ambaye bila yeye kundi haliwezi kazi, huitwa APC. Askari hawa humkamata kila mchuuzi anayejitokeza, wakamtia alama, naye huondolewa akavunjwavunjwa. Hivyo mji hubaki mtulivu na seli haigawanyiki ovyo.

Ujumbe wa winti ukifika kwenye kipokezi, ni kama amri imetoka ofisini kwamba leo ni siku ya soko, watu waachwe wauze. Askari hukaa kando. Wachuuzi hujaa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kugawanyika. Winti ikiisha, siku ya soko imekwisha, askari hurudi kazini na wachuuzi hutoweka.

Sasa jiulize, je, askari wenyewe wakiangamia? Kila siku itakuwa siku ya soko. Amri haijatoka, winti haikuletwa na yeyote, lakini wachuuzi wamejaa tele. Seli inafanya kama inayosikia mwito ambao hakuna aliyeutoa. Hilo, ndugu msomaji, ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya saratani za utumbo mpana. Jeni ya APC iligunduliwa mwaka wa 1991 kwa kuchunguza familia zilizokuwa na ugonjwa huu. Mwaka wa 1993 ikaonekana kwamba APC hushikamana na beta-katenini, na mwaka wa 1997 watafiti, akiwemo Hans Clevers wa Uholanzi na Bert Vogelstein wa Marekani, wakaonyesha kwamba APC ikiharibika beta-katenini huwasha jeni bila kukoma. Katika uvimbe wa utumbo mpana, takriban nane kati ya kumi huwa na APC iliyoharibika.

Lakini kwa nini utumbo? Mbona isiwe kidole? Hili lilinisumbua sana, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Viungo vingi hupunguza kusikiliza ujumbe wa ujengaji baada ya kukamilika. Utumbo haupunguzi, kwa sababu utumbo hauishi kujengwa. Kila kinachopita humo hukwaruza, kwa hivyo ngozi yake ya ndani hubadilishwa upya kila baada ya siku nne au tano hivi. Uliyemwona Jumatatu, Jumamosi kwa sehemu kubwa amevaa utumbo mwingine! Ngozi hiyo ina vishimo vidogo sana, mamilioni, usivyoweza kuviona kwa macho. Mimi huviwazia kama kreta ya Menengai. Pale chini kabisa kwenye sakafu ya kreta kuna seli mama, na hapo winti ni nyingi, kwa hivyo seli hugawanyika mchana na usiku. Watoto wao husukumwa wapande ukuta wa kreta. Kadiri wanavyopanda ndivyo winti inavyopungua, nao huacha kugawanyika na kuanza kazi ya watu wazima, kama vile kufyonza maji na kutoa ute. Wakifika ukingoni hufa na kuanguka, wakaenda na kinyesi.

Kwamba kazi hii ni ile ile ya tumboni mwa mama kulionyeshwa mwaka wa 1998. Wakati huo Clevers na wenzake walizalisha panya wasio na protini ambayo beta-katenini hushirikiana nayo ndani ya kiini cha seli za utumbo. Panya walizaliwa, lakini utumbo wao mwembamba haukuwa na seli mama, wakafa baada ya muda mfupi. Bila winti hakuna utumbo.

Basi fikiria seli moja ya huko Menengai iliyopoteza APC. Inapanda ukuta na wenzake, winti inapungua, lakini yenyewe haijui. Wenzake wanakomaa, yenyewe inaendelea kugawanyika kama kiinitete. Ikifika juu haianguki. Inazaa, na watoto wake wanazaa, mpaka kinatokea kinyama kidogo kiitwacho polipu. Polipu si saratani bado. Aghalabu hupita miaka kumi au zaidi, hitilafu nyingine zikiongezeka katika jeni nyingine, kabla polipu haijageuka kuwa saratani inayopenya ukuta wa utumbo na kusafiri hadi kwenye ini. Nyingi ya polipu hazigeuki kamwe. Lakini hiyo miaka kumi! Huwa nawaza kwamba nilipokuwa darasa la kwanza na mjomba akinibeba mabegani, huenda kitu kile kilikuwa kama punje ya ngano, na daktari mwenye kolonoskopi, ule mpira mrefu wenye kamera, angekinyofoa siku hiyo hiyo mjomba akarudi Molo kupalilia.

Nilipomsimulia rafiki yangu habari hizi aliniuliza swali zuri. Si watengeneze dawa ya kuizima hiyo winti? Wamejaribu, na shida ni mbili. Ya kwanza, katika seli iliyopoteza APC, kuzima ujumbe ulio nje hakusaidii kitu, maana seli haisikilizi ujumbe. Askari ndio waliotoweka. Ya pili, ukitafuta dawa ya kuwazuia wachuuzi wenyewe mwili mzima, utauumiza utumbo mzima wenye afya ambao unautegemea ujumbe huo kila siku, pamoja na mifupa. Huwezi kuvunja kengele ya shule kwa sababu ya mwanafunzi mmoja asiyesikia. Kwa sasa matibabu makubwa yanabaki kuwa upasuaji mapema, pamoja na dawa na wakati mwingine mionzi.

Swali lililomhangaisha mama yangu ni jingine: je, ni ya kurithi? Jenetiki tutaisoma kidato cha nne, lakini nitasema kidogo. Kila mtu ana nakala mbili za APC, moja ya baba na moja ya mama. Zikiharibika zote mbili katika seli moja ndipo askari humalizika. Watu wengi huzaliwa na zote mbili nzima, na uharibifu hutokea baadaye maishani. Lakini kuna familia chache ambamo mtoto huzaliwa nakala moja ikiwa imekufa tayari. Hao huota polipu mamia au hata maelfu tangu umri wetu huu, na wasipopasuliwa karibu wote hupata saratani kabla ya uzee. Mjomba hakuwa na mamia ya polipu, kwa hivyo daktari alimwambia mama kwamba haikuwa aina ile. Hata hivyo ndugu wa damu wa mgonjwa wana hatari zaidi kuliko watu wengine, na alishauri wapimwe wakifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa alipatikana nao, lolote litakalotangulia. Kupeana kikombe hakuna uhusiano wowote.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940, kwanza Lira kisha hospitali ya Mulago mjini Kampala. Anajulikana zaidi kwa uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka wa 1958. Lakini aliona pia kwamba saratani ya utumbo mpana, ambayo Uingereza ilikuwa ya kawaida, ilikuwa adimu sana kwa Waafrika wa mashambani. Mwaka wa 1971 aliandika kwamba sababu huenda ni chakula: watu wetu walikula vyakula vyenye makapi mengi, yaani nyuzinyuzi. Wako waliomcheka kwa kupenda kuzungumza habari za kinyesi cha watu. Mwaka wa 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walibadilishana vyakula vya watu kwa wiki mbili: Wamarekani weusi 20 wakala chakula cha mashambani Afrika Kusini, na Waafrika Kusini 20 wakala cha Marekani. Kwa wiki mbili tu, ugawanyikaji wa seli kwenye ngozi ya utumbo ulipungua kwa wale Wamarekani na kuongezeka kwa wale wa Afrika Kusini. Ile sakafu ya Menengai iliitikia chakula upesi hivyo! Na kadiri seli zinavyogawanyika, ndivyo nafasi ya makosa inavyoongezeka.

Mwaka huo huo wa 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, zinasababisha saratani ya utumbo mpana. Najua hapa nitachukiwa, maana steji yetu ya matatu ina smoki kila hatua mbili, nami mwenyewe nimekula mara nyingi. Smoki moja haiui mtu. Lakini githeri ambayo tunaiita chakula cha bweni, kumbe Burkitt angeipigia makofi.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa wazee pekee. Wakenya wengi watamkumbuka Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ambaye alijitokeza mwaka wa 2019 akasema wazi kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki tarehe 26 Julai mwaka huo akiwa na miaka 41. Kiongozi mzima kutaja utumbo wake hadharani si jambo dogo katika nchi ambayo mtu huona haya hata kutaja choo. Damu kwenye kinyesi, choo kubadilika kwa wiki nyingi bila sababu, kukonda, kuchoka kwa upungufu wa damu: mjomba alikuwa na haya yote, na sote nyumbani tulimsifu kwamba amepunguza kitambi.

Mama ana miaka 43. Mwezi wa Agosti alikubali kwenda. Alilalamika zaidi juu ya ile dawa ya kuendesha ya usiku wa kuamkia kipimo kuliko kipimo chenyewe. Walimkuta na polipu mbili, kila moja kama punje ya mahindi, wakazinyofoa hapo hapo na kuzipeleka maabara. Hazikuwa saratani. Ameambiwa arudi baada ya miaka mitatu.

Nyanya nilimweleza yote haya jikoni, mfano wa Menengai na wa kanjo pia, na ilichukua jioni mbili. Swali lake lilibadilika. Sasa aliuliza kama watoto wa mjomba wameambiwa. Mkubwa wao ana miaka 19. Nilimpigia hesabu kwamba aanze kupimwa akifika 36, akacheka akasema huko ni mbali mno. Nyanya akamwamuru aandike mwaka huo kwenye daftari, na akasimama pale mlangoni mpaka alipouandika.